Steki yenye Ladha za Asia na Kachumbari ya Mbegani: Mafunzo kutoka Jiko la Pwani

Steki yenye ladha za Asia ni pande nene la nyama ya ng'ombe lililolowekwa katika mchanganyiko wa sosi ya soya, tangawizi, kitunguu saumu na utamu kidogo, likachomwa kwa moto mkali, kisha likaliwa pamoja na mboga mbichi zilizokatwa nyembamba. Watu wengi huuhesabu upishi huu kuwa wa hotelini, unaotaka viungo vya kuagizwa na ujuzi wa mbali. Uzoefu wa jikoni huko Mbegani, katika pwani ya Bagamoyo, unaonyesha mambo kuwa kinyume: ladha hizo zilikwisha kufika pwani tangu zamani na zimekaa katika vinu na vyungu vya wenyeji kwa karne nyingi, ilhali kilicho kigeni katika sahani hiyo ni pande lenyewe la nyama, ambalo mapishi ya pwani hayakuzoea kulipika likiwa zima. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mpishi wa nyumbani, kwa sababu anayedhani ugeni uko katika viungo hutumia fedha zake kununua chupa, na anayetambua kwamba ugeni uko katika nyama hutumia muda wake kulijua bucha, kisu na moto.

Makala haya yanatokana na kumbukumbu za mwandishi aliyeishi na kupika Mbegani kwa miaka kadhaa, miongoni mwa familia za wavuvi, wakufunzi wa chuo na wakulima wa mwani. Kumbukumbu hizo zinatumiwa hapa kama ushahidi wa yale ambayo jiko la kawaida linaweza kumfundisha mtu, zikiunganishwa na mambo yanayofahamika kuhusu historia ya pwani na kuhusu tabia ya nyama inapokutana na chumvi, tindikali na moto, ili mafunzo yake yamfae mpishi yeyote, awe na jiko la mkaa au la gesi.

Mbegani na nafasi ya nyama

Mbegani ni kijiji kilichoko kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, jirani na magofu ya Kaole na kijiji cha Mlingotini, na kinajulikana nchini hasa kwa chuo chake cha uvuvi, ambacho kiliendelezwa kwa msaada wa Norway kuanzia miaka ya 1970 na sasa ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Katika mahali pa namna hiyo kitoweo cha kila siku ni samaki, na nyama ya ng'ombe hupata nafasi yake kutokana na mwendo wa bahari. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini ambao huvuma kwa nguvu hasa kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo hukaa ufukweni siku nyingi. Na katika usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki ambao taa ingewakusanya. Siku hizo samaki huadimika, bei hupanda, na familia yenye uwezo hugeukia bucha, mbali na zile siku za Idi, harusi na hitima ambazo nyama ni lazima.

Nyama hiyo ikifika jikoni, desturi ya pwani huikata vipande vidogo. Mchuzi, pilau, biriani na mishkaki, yaani vipande vya nyama vilivyolowekwa viungo na kuchomwa kwenye vijiti, vyote huanza na kisu kinachogawa. Desturi hiyo ina sababu tatu zilizo wazi: kipande kidogo hugawika kwa watu wengi, hupenyezwa viungo upesi, na hushinda ugumu wa nyama ambayo mara nyingi imetoka kwa ng'ombe aliyetembea sana. Steki huzivunja kanuni hizo zote kwa pamoja, kwani humtaka mpishi aliache pande likiwa nene, alitie viungo visivyoweza kufika katikati, na alitoe motoni mapema kabla ugumu haujapata muda wa kulegea. Ndiyo maana steki nyingi zinazopikwa majumbani kwa mara ya kwanza hutoka zikiwa na harufu nzuri na kutafunika kwa shida, na lawama huangushiwa viungo visivyo na hatia.

Ladha zilizotangulia

Historia ya pwani inaeleza kwa nini viungo havikuwa tatizo Mbegani. Kwa karne nyingi, pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na India kati ya Desemba na Machi, na pepo za kusi zikayarudisha, hivi kwamba bidhaa za Asia ziliingia katika miji ya pwani kwa mzunguko uliojulikana. Kaole, iliyo mwendo mfupi kutoka Mbegani na yenye magofu ya misikiti na makaburi ambayo ya kale zaidi huhesabiwa kuwa ya karne ya 13, imetoa vyombo vya kauri vya China vinavyoonyesha kwamba mtandao huo wa biashara ulifika mbali zaidi ya India. Vyombo havisafiri peke yao, na tangawizi, mdalasini, ndimu, miwa na miembe, mimea yote yenye asili ya Asia, ilikuja kwa njia hiyohiyo na ikapata ardhi na wapishi wa kuitunza.

Ushahidi mzuri zaidi wa maandishi unatoka kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331. Akiwa Mogadishu alieleza kwa kina chakula alichokirimiwa: wali wenye samli ukiwa na vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, na kando yake achari ya ndimu, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe, ambayo alieleza kuwa kabla ya kuiva huwa machachu kama ndimu na hutiwa siki. Pilipili zilizotajwa haziwezi kuwa hizi nyekundu za leo, kwa kuwa mmea huo ulitoka Amerika na kufika huku baada ya Wareno kufungua njia zao mwishoni mwa karne ya 15. Jambo kuu ni kwamba takriban miaka 700 iliyopita mezani pwani palikuwa na nyama yenye mafuta upande mmoja, na kitu kibichi, kikali na kichachu upande wa pili. Mpangilio huo ndio unaoibeba steki na mboga zake mbichi hadi leo.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa lango la misafara ya bara, wafanyabiashara wenye asili ya India walifungua maduka mjini humo, na aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897 akiwa ametoa mali yake kwa ajili ya hospitali na shule. Maduka ya namna hiyo yaliyaweka bizari, jira, iliki na pilipili manga karibu na kila jiko. Ufuta nao, ambao mafuta ya mbegu zake zilizokaangwa ndiyo harufu kuu ya mapishi ya Korea na China, ulilimwa pwani na kusafirishwa hadi Marseille katika karne hiyo kwa ajili ya mafuta na sabuni. Na leo ufuta wa Lindi na Mtwara hununuliwa na China na Japani, kiasi kwamba chupa ya mafuta ya ufuta inayorudi Dar es Salaam kutoka Asia huenda ikawa imebeba mbegu za kusini mwa Tanzania.

Kilichokosekana katika orodha hiyo ni sosi ya soya peke yake. Hii ni maji meusi ya chumvi yanayopatikana kwa kuchachusha maharage ya soya na ngano kwa msaada wa ukungu maalumu, kazi inayochukua miezi kadhaa, na ambayo huvunja protini na kuzaa ladha nzito inayofanana na ile ya supu iliyochemka sana. Siku hizi sosi hiyo inapatikana katika maduka ya Kariakoo na hata katika mji wa Bagamoyo, na mpishi wa Mbegani anahitaji vijiko vichache tu, akikumbuka kwamba chumvi yake ni nyingi sana na kwamba chumvi nyingine haihitajiki kabisa katika nyama.

Bucha, kisu na subira

Ng'ombe walio wengi Tanzania ni wa kienyeji wenye nundu, wanaofugwa kwa ajili ya maziwa, kazi na akiba ya familia, na wengi huchinjwa wakiwa watu wazima. Misuli iliyotembea kwa miaka hujenga kolajeni, yaani protini ngumu inayofunga nyuzi za nyama, na kolajeni hiyo huyeyuka tu ikipikwa taratibu kwa saa nyingi katika joto la nyuzi 70 na zaidi. Steki haiwezi kuipa muda huo. Kwa hiyo uchaguzi wa sehemu ya mnyama ni uamuzi wa kwanza na mzito kuliko yote: sarara, yaani nyama iliyolala pande mbili za uti wa mgongo, na fileti iliyo chini yake, hufanya kazi ndogo katika mwili wa mnyama na huwa na kolajeni kidogo, ilhali nyama ya paja na ya bega inafaa mchuzi. Mnunuzi anapaswa kuwa makini hapa, kwa kuwa katika mabucha ya Tanzania anayeomba steki hupewa nyama tupu isiyo na mfupa, ambayo inaweza kutoka sehemu yoyote.

Jambo la pili ni umri wa nyama yenyewe tangu kuchinjwa. Ng'ombe huchinjwa usiku au alfajiri na nyama hufika buchani asubuhi, wakati ambapo misuli inaingia katika ukakamavu unaofuata kifo, hali inayofikia kilele chake kati ya saa 12 na 24 baada ya kuchinjwa. Nyama inayopikwa katika muda huo huwa ngumu hata ikiwa imetoka sehemu nzuri. Baadaye vimeng'enya, yaani protini za asili zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya nyama, huanza kukata nyuzi na kuilainisha, na hii ndiyo sababu nchi zinazokula steki kwa wingi huihifadhi nyama katika baridi kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kuiuza. Mwenye bucha mmoja wa barabara ya Bagamoyo, ambaye hakuwahi kusoma jambo hili popote, alikuwa akilijua kwa mikono yake. Mnunuzi akitaja kuchoma, huinua nyama iliyoning'inia, huibonyeza kwa kidole gumba, kisha husema: "Mwalimu, hii ni ya usiku wa leo. Kama ni ya mchuzi, chukua. Kama ni ya kuchoma, nikupe ile ya juzi iliyoko kwenye friji."

Nyumbani kanuni hiyo hutekelezwa kwa urahisi. Nyama safi ya asubuhi hufutwa maji, huwekwa katika bakuli lililofunikwa na kuachwa katika friji kwa siku 2 au 3 kabla ya kulowekwa. Kuitia katika jokofu la kugandisha ikiwa bado na joto la mnyama ni jambo la kuepukwa, kwa sababu misuli inayopozwa ghafla kabla ya ukakamavu kumalizika hujikunja kwa nguvu na kubaki migumu hata baada ya kuyeyushwa.

Kuloweka kwa kipimo

Mchanganyiko wa kuloweka unaofaa kilo 1 ya sarara, iliyokatwa mapande yenye unene wa sentimita 2.5 hadi 3, una vijiko 4 vya chakula vya sosi ya soya, vijiko 2 vya tangawizi iliyotwangwa, punje 6 za kitunguu saumu, vijiko 3 vya rojo zito la ukwaju, kijiko 1 cha sukari guru, kijiko 1 cha mafuta ya ufuta na pilipili manga iliyopondwa. Katika mapishi ya Japani na China, sehemu ya mvinyo wa mchele hutajwa mara nyingi. Katika jamii ya Waislamu kama ile ya Mbegani mvinyo huo haufai, na maji ya dafu hushika nafasi yake vizuri kwa utamu wake mwepesi, kama ambavyo wapishi wa Vietnam huyatumia katika nyama yao ya kuchemsha taratibu. Ukwaju, ambao ni mti wa asili ya Afrika uliokubalika Asia nzima, hutoa uchachu wa kina usiopotea motoni kama ule wa ndimu.

Kila kiungo katika mchanganyiko huu kina kazi yake, na mpishi anayezijua kazi hizo anaweza kubadilisha viungo bila kupoteza njia. Chumvi ya sosi huingia ndani ya nyama polepole na kuisaidia kushika maji yake. Sukari hubaki juu na kusaidia rangi. Tindikali hugusa uso tu, na ikizidi muda huufanya uso huo uwe kama umepikwa na kukauka. Harufu ya saumu na tangawizi hukaa katika milimita chache za mwanzo. Kwa kuwa viungo vingi havipenyi, kuloweka usiku mzima hakuongezi faida kubwa kwa pande nene. Saa 2 hadi 4 katika friji zinatosha.

Ikiwa nyama ni ngumu kuliko ilivyotarajiwa, pwani ina dawa yake, nayo ni papai bichi. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini kwa nguvu na kilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje ya Tanganyika katika karne iliyopita. Wapishi wa mishkaki hukitumia kwa uzoefu mrefu, nao Wakorea hutumia peasi la kwao kwa lengo hilohilo katika bulgogi, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kuchomwa. Nanasi pia lina kimeng'enya cha aina hiyo, na mananasi ya Kiwangwa, yanayouzwa kwa mafungu kando ya barabara, yako karibu na kila mpishi wa Bagamoyo. Kijiko 1 cha papai lililokwanguliwa kinatosha kilo nzima, kwa muda usiozidi saa 1, kwa sababu papaini huendelea kufanya kazi nyama inapopata joto, na ikizidi huacha uso wa nyama ukiwa rojorojo ilhali katikati hapajaguswa.

Moto na mapumziko

Uso wa steki hupata rangi ya kahawia na harufu yake maarufu kutokana na mabadiliko ya kikemikali yaliyoelezwa mwaka 1912 na mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Camille Maillard, ambapo sukari na sehemu za protini huungana katika joto kali, hasa kuanzia takriban nyuzi 140 za selsiasi. Maji huchemka katika nyuzi 100, na uso wenye maji hauwezi kupanda juu ya hapo mpaka maji yote yakauke. Kutokana na kanuni hii moja hutoka maagizo mengi: nyama itolewe katika friji nusu saa kabla, ifutwe kabisa kwa kitambaa safi hata kama inaonekana kana kwamba viungo vinapotea, na iwekwe juu ya mkaa uliokwisha kushika moto wote na kufunikwa na majivu mepesi, au katika kikaango kizito cha chuma kilichoachwa juu ya gesi hadi kikaanza kutoa moshi. Kikaango hicho kinastahili kutazamwa kwa heshima, kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mpishi anayejifunza kuchoma vizuri kwa gesi anajiandaa kwa jiko la kesho.

Pande la unene uliotajwa huhitaji takriban dakika 4 kila upande, likigeuzwa mara kadhaa ili sukari isiungue. Ladha ya nyama yenye wekundu katikati haipendwi sana pwani, na kuna sababu ya kiafya ya kuheshimu mwelekeo huo, kwa kuwa nyama isiyoiva inaweza kubeba vifuko vya tegu, yaani minyoo bapa wanaoishi katika utumbo wa binadamu. Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri nyama nzima ya ng'ombe ifike nyuzi 63 katikati na kupumzishwa kwa dakika 3, kipimo ambacho huiacha ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia na maji yake ya kutosha. Asiye na kipimajoto anaweza kukata pembeni ya pande moja na kutazama. Kuipeleka mbali zaidi, hadi ikawa ya kijivu kotekote, hukamua maji yake yote na kuifanya kazi yote ya buchani iwe bure.

Baada ya moto, nyama hupumzishwa juu ya sahani kwa dakika 5 hadi 8, na hapo ndipo steki hurudi katika desturi ya pwani, kwa sababu hukatwa vipande vyembamba vya nusu sentimita kwa kukingama na mwelekeo wa nyuzi. Kukingama maana yake ni kisu kuzikata nyuzi kuwa fupi, badala ya kufuata urefu wake na kuyaachia meno kazi hiyo. Mpishi hutazama mistari ya nyama kabla ya kuichoma, wakati inaonekana wazi, na kukumbuka upande wake. Maji yanayobaki kwenye sahani humiminwa juu ya vipande, na mchanganyiko wa kulowekea, ukitakiwa kutumika kama sosi, huchemshwa kwanza kwa dakika kadhaa kwa kuwa umegusa nyama mbichi.

Kachumbari kama nusu ya chakula

Mboga mbichi zinazoandamana na steki hii ni ndugu wa kachumbari, yaani mchanganyiko wa vitunguu, nyanya, pilipili na ndimu ambao hauwezi kukosekana palipo na pilau. Toleo lake la Mbegani hutumia nusu ya kabichi ndogo, karoti 2, kitunguu maji chekundu 1, embe bichi 1 lililokatwa vijiti, tango lililotolewa mbegu, kotmiri na nanaa kwa wingi, na kiganja cha korosho zilizokaangwa na kupondwa. Kabichi na karoti hazipendi joto la pwani na nyingi hushuka kutoka milima ya Usambara, hasa Lushoto. Embe na korosho ni za hapohapo. Nyanya huachwa nje, kwa kuwa maji yake hulegeza kabichi na kuizimua ndimu.

Kazi inayostahili kutazamwa kwa karibu ni ile ya kitunguu. Kwanza hukatwa pete nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha hunyunyiziwa chumvi ya mawe na kufikichwa kwa vidole mpaka povu lenye ukali litoke, halafu huoshwa, hukamuliwa na kuoshwa tena. Mzee mmoja wa kike wa Mbegani, aliyemsimamia mwandishi katika kazi hiyo, alikuwa akichukua pete moja na kuiweka ulimini kabla ya kutoa hukumu: "Mwanangu, bado kina hasira hicho. Kioshe tena." Anachokifanya kinaeleweka vizuri: kitunguu kinapokatwa, chembe zake hupasuka na kutoa kemikali kali zenye salfa, ambazo chumvi huzivuta nje pamoja na maji na maji safi huziondoa, na kinachobaki ni utamu na mkatiko.

Kabichi hufanyiwa jambo kama hilo kwa upole zaidi. Hukatwa nyembamba kadiri kisu kinavyoruhusu, hutiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, huachwa dakika 15 na kukamuliwa kidogo, ili itoe maji yake kabla ya kufika mezani badala ya kuyamwaga ndani ya bakuli. Ndimu 2, kijiko 1 cha sukari, pilipili mbichi iliyokatwa na matone ya mafuta ya ufuta huchanganywa pembeni na kumiminwa dakika za mwisho, kwa sababu tindikali inayokaa muda mrefu hufifisha kijani cha majani na kulegeza kila kitu. Usafi haupaswi kuachiwa ndimu, ambayo haiui vijidudu vyote. Mboga zinazoliwa mbichi huoshwa kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, na ubao wa mboga hutenganishwa na ule wa nyama.

Umuhimu wa kachumbari hii hauishii katika kupamba sahani. Mafuta ya nyama na chumvi ya soya huuchosha ulimi baada ya matonge machache, na uchachu na ubichi huusafisha na kuufanya uitamani nyama tena, hivyo kiasi kidogo cha nyama hutosha watu wengi. Kilo 1 ya sarara, ambayo ingekuwa mapande ya watu 4 kwa mtindo wa hotelini, ikikatwa nyembamba na kuwekwa juu ya wali na bakuli kubwa la kachumbari hutosha familia ya watu 8. Kanuni ya pwani ya kugawa, ambayo pande zima lilionekana kuivunja, hurejea kwa njia hiyo mezani.

Mafunzo ya jumla

Mwezi Machi mwaka 2013 Tanzania na China zilitiliana saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa katika eneo la Mbegani, mpango ambao baadaye ulikwama, na tangu hapo jina la kijiji hiki limetajwa mara nyingi kana kwamba Asia ingefika huko kwa mara ya kwanza siku meli za bandari hiyo zitakapotia nanga. Jikoni panafundisha vinginevyo. Mwani unaolimwa Mlingotini ni wa aina ambazo mbegu zake zililetwa Zanzibar kutoka Ufilipino mwaka 1989, na Ufilipino watu huula mwani wa jamii hiyo kama saladi yenye ndimu na vitunguu. Mpishi wa pwani aliyezoea kachumbari hana haja ya kufundishwa jambo hilo, ana haja ya kulijaribu tu.

Fundisho la kwanza, kwa hiyo, ni kwamba mpishi anapokutana na pishi la ugenini ajiulize ni sehemu gani yake iliyo ngeni kweli, na aelekeze juhudi zake huko. Katika steki sehemu hiyo ni nyama: mahali ilipokatwa, muda iliopumzika, ukavu wa uso wake, ukali wa moto na mwelekeo wa kisu. Fundisho la pili ni kwamba ujuzi wa mwenye bucha na wa yule mzee aliyesimamia uoshaji wa vitunguu ni elimu kamili yenye sababu zinazoweza kuthibitishwa, na unastahili kuandikwa kwa vipimo na kufundishwa katika vyuo vya upishi na hoteli nchini bega kwa bega na mitaala iliyotoka Ulaya. Fundisho la tatu ni kwamba mtu aliyeelewa kazi ya chumvi, tindikali, utamu na joto hafungwi na orodha ya vitu vya kununua. Akikosa sosi ya soya atajua kwamba amekosa chumvi na uzito wa ladha, naye ataongeza chumvi kidogo na supu ya mifupa iliyokaushwa hadi ikawa nzito, na chakula chake kitakuwa kitamu kwa namna yake. Familia za Mbegani zinazo tayari kinu, ndimu, ukwaju na mkono uliozoea kachumbari, na kwa anayetaka kuanza wiki hii, hatua ya kwanza ni kwenda buchani siku 2 kabla ya siku ya kupika, kuomba sarara kwa jina lake, na kuipa nyama hiyo muda wake.